Kutoka machimbo ya dhahabu hadi ramani ya malaria

Ukitazama ramani ya malaria barani Afrika utaona karibu kila kipande cha ardhi kimepakwa rangi. Huku nyekundu, kule njano, kwingine kijani. Swali la kujiuliza ni hili: ni nani aliyefika kila kijiji na kila kitongoji, akapima damu za watu? Hakuna. Sehemu kubwa ya ramani ya namna hiyo hukisiwa na kompyuta. Juma hili tuangalie makisio hayo hufanywaje, na kwa nini yanamhusu mwananchi wa kawaida.

Habari hii ilianzia mbali na hospitali. Mwaka 1951 mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, Danie Krige, aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wenye migodi ya dhahabu walikuwa na tatizo. Kutoboa mwamba ni gharama kubwa, kwa hiyo sampuli zilichukuliwa mahali pachache tu. Sampuli ikionyesha dhahabu nyingi, iliaminiwa kwamba eneo zima ni tajiri. Likichimbwa, mavuno yanakuwa pungufu. Krige alionyesha kwamba sampuli moja isiaminiwe peke yake, bali isomwe pamoja na nyingine za eneo hilo. Miaka ya 1960 Mfaransa Georges Matheron aliijengea hoja hiyo msingi wa hisabati, na njia yenyewe ikapewa jina la Krige.

Msingi wake si mgeni kwetu. Mwaka 1970 mwanajiografia wa Marekani, Waldo Tobler, alieleza kwamba vitu vyote vina uhusiano, lakini vilivyo karibu vina uhusiano mkubwa zaidi. Wahenga wetu walishasema: ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Linalompata jirani huenda likakufikia.

Tuchukue mfano wa mvua. Shamba halina kipimamvua, ila kipo kimoja umbali wa kilomita 2 na kingine kilomita 20. Ni dhahiri kile cha karibu kisikilizwe zaidi. Lakini kwa kiasi gani? Programu ya kompyuta huanza kwa kulinganisha vituo vyote viwili viwili, ili ione kufanana kwao kunapungua vipi kadiri umbali unavyoongezeka. Kisha hukipa kila kituo uzito wake. Vituo viwili vilivyobanana hugawana uzito, kwa sababu ni kama mashahidi wawili waliosimama dirisha moja. Mwisho, programu hutoa makisio ya mvua shambani, pamoja na kipimo cha jinsi makisio hayo yanavyoweza kukosea.

Kompyuta haijui kama namba iliyopewa ni dhahabu, mvua au homa. Kwake zipo namba tatu tu: mbili za kuonyesha mahali, na moja ya kilichopimwa. Ndiyo maana chombo cha mchimba madini kimeingia mikononi mwa mtaalamu wa udongo, wa samaki na wa magonjwa. Kuenea kwake kumerahisishwa na lugha ya programu iitwayo R, iliyoanzishwa huko Auckland, New Zealand, mapema miaka ya 1990, ambayo hutolewa bure. Mwaka 2009 wataalamu wa Mradi wa Atlasi ya Malaria walitoa ramani ya dunia ya malaria iliyotegemea hisabati za ukoo huo huo.

Hata hivyo, ukaribu una mipaka yake. Dhahabu haihami; mbu anaruka na mgonjwa anapanda basi. Tena vitu viwili vinaweza kukaribiana na bado vikatofautiana kabisa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoikumba Dar es Salaam, wakazi wa Bonde la Msimbazi walipoteza nyumba, na wapo waliopoteza maisha, ilhali waliokuwa juu kidogo ya bonde walibaki pakavu. Programu inayopima umbali pekee, bila kuambiwa habari za miinuko na mifereji, ingewaweka wote katika rangi moja. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza jijini humo mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kupita mitaani kwa miguu na kuandika nyumba, njia na mifereji. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Kwa sababu vyandarua, dawa na fedha vinaweza kugawanywa kwa kufuata rangi za ramani. Kijiji ambacho hakikupimwa kamwe hupakwa rangi sawasawa na kilichopimwa, na mtoto wa huko anaweza kukosa chandarua kwa makisio yaliyofanywa kutoka mbali. Programu yenyewe inajua ni wapi ina mashaka. Inatoa ramani ya pili inayoonyesha mashaka hayo. Tatizo ni kwamba ramani ya kwanza ndiyo hubandikwa ukutani, na ya pili huachwa kabatini.

Basi diwani, mbunge au mwandishi wa habari anapoonyeshwa ramani yenye rangi nzuri, aulize maswali mawili: mmepima wapi hasa, na ramani ya mashaka iko wapi? Penye mashaka makubwa ndipo wapimaji wapelekwe kwanza.