Tembo Likikaa: Jinsi ya Kuionja Siki ya Mnazi

Ndugu mkulima mwenye minazi, maneno haya yanakuhusu hata kama hunywi tembo. Hapa Jomvu Kuu wenyeji wengi ni Waislamu, na tembo kali hawaligusi. Lakini siki haikosekani jikoni, kwa achari na kwa samaki. Aghalabu hununuliwa dukani, na huku mnazi upo uani.

Tembo likigemwa asubuhi ni tamu, nalo ndilo litiwalo katika mkate wa kumimina ili unga uumuke. Hamira iliyomo kibuyuni huanza kazi mara moja, hula sukari na kuigeuza kileo. Kesho yake tembo ni kali, lina kileo kadiri ya sehemu 5 katika 100. Kisha huja vijidudu vingine, visivyoonekana kwa macho, ambavyo haviwezi kazi pasipo hewa. Hivyo hukitwaa kileo na kukifanya siki. Basi jambo lenyewe ni hewa.

Watu wa Jura, nchi ya vilima mashariki mwa Ufaransa, wanalijua sana jambo hili. Wana mvinyo mweupe wa zabibu ambao hawauuzi kabla ya miaka 6 na miezi 3, nao hukaa katika pipa lisilojazwa. Mvinyo mwingine ungekwisha kuwa siki. Wao huacha utando wa hamira uote juu, upenyeze hewa kidogo kidogo tu. Mvinyo hugeuka rangi ya dhahabu, ukanukia kokwa kavu na uwatu. Tena si mzaha, kitu kinachotoa harufu hiyo ndicho kile kile kilichomo katika uwatu wa jikoni kwetu.

Sisi twataka kinyume chake, yaani siki kamili. Chuja tembo kali, litie katika mtungi au chombo cha kioo chenye mdomo mpana, usijaze, ufunike kwa kitambaa safi tu. Usitumie debe wala sufuria, maana siki hula bati na alumini. Ukiwa na siki nzuri isiyochemshwa, tia kidogo iwe mbegu. Weka kivulini.

Baada ya majuma machache anza kuonja. Tazama kwanza: tembo jipya ni jeupe kama maji yaliyooshewa mchele, bali siki iliyokwiva imetakata, rangi yake ya majani makavu, na machicha yamekaa chini. Nusa. Ikinuka gundi ya fundi viatu au vanishi ya seremala, ngoja, kileo kingalimo. Kisha tia tone ulimini. Siki iliyokwiva hukata mara moja na kuondoka safi. Ambayo haijaiva huacha joto kooni, na joto hilo ni kileo. Usiiuze hiyo. Aliyeuziwa kileo kwa jina la siki hatarudi kwako, tena kuuza kileo bila leseni ni kosa kwa sheria ya vileo ya mwaka 2010.

Mimi mwenyewe safari ya kwanza nilijaza chupa tatu mpaka shingoni nikazipiga vizibo. Mbili zilipasuka usiku. Ya tatu niliifungua baada ya miezi, nikakuta kitu kilichochacha, si tembo si siki. Nilimpelekea mzee mmoja wa Jomvu Kuu, alinusa, akacheka. "Mwalimu," akasema, "umelinyima pumzi."

Lakini ikisha kuiva, hapo ndipo ujaze chupa mpaka shingoni na kuziba. Ukiiacha wazi, vijidudu vile vile vitaanza kuila siki yenyewe, ubaki na maji yasiyo ukali. Wala usiizimue kwa maji (mgema mwenye kusifiwa tunamjua); kileo cha tembo si kingi, na siki yake haina nguvu ya kugawa.

Andika tarehe kwa chaki juu ya kila mtungi. Mimi huonja kila Jumamosi asubuhi, kwa kijiko cha mti, kabla ya chai.