Gari Dogo la Kasi Halikutengenezwa Lifunikwe Turubai

Mwaka 1993 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa gari dogo la buluu lenye rimu za rangi ya dhahabu, ikaliita Clio Williams. Kila gari lilikuwa na kibati kidogo kwenye dashibodi kilichochorwa namba yake, na wanunuzi waliambiwa kwamba yangetengenezwa magari 3,800 tu, basi. Yalinunuliwa kwa kasi. Renault ilipoona hivyo ikaendelea kutengeneza, magari ya awamu ya kwanza yakapita 5,000. Kisha ikaja awamu ya pili, na ya tatu, zote mbili bila kibati cha namba, hadi jumla ikafika takribani 12,000. Wenye magari ya kwanza walikasirika, na walikuwa na haki. Kitu walichokilipia, yaani uhakika kwamba wenzao watakuwa wachache, kilichukuliwa na yuleyule aliyewauzia. Lakini zaidi ya miaka 30 imepita na gari hilo bado linasakwa Ufaransa na Uingereza, kwa bei ambayo Clio ya kawaida ya umri huohuo haiisogelei. Kama thamani yake ingetokana na uchache peke yake, ingeanguka siku ile awamu ya pili ilipotangazwa.

Haikuanguka kwa sababu thamani ilikuwa chini ya boneti. Kanuni za rali za wakati ule zilitaka kampuni ikitaka kushindana na gari fulani, kwanza itengeneze 2,500 za kuuzia wananchi. Kwa hiyo dereva wa mashindano alichokihitaji kililazimika kuwamo tangu mwanzo katika gari la kwendea sokoni. Jina la Williams lilikuwa la timu ya Formula 1 iliyotumia injini za Renault na kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1992 kupitia Nigel Mansell na 1993 kupitia Alain Prost. Timu hiyo haikuhusika katika ujenzi wa Clio; jina lilikuwa la tangazo. Kazi yenyewe ilikuwa ya Renault Sport, na ilikuwa kazi ya kweli. Walichukua injini ya valvu 16 ya cc 1,764 na kurefusha safari ya pistoni mpaka ikawa na cc 1,998. Nguvu ilipanda kutoka farasi 137 hadi 150, ongezeko ambalo kwenye karatasi halimshtui mtu. Faida kubwa ilikuwa kwenye msukumo: gari lilivuta vizuri bila injini kulazimika kulia kwa mizunguko mingi, hivyo mwenye kupanda mlima akiwa gia ya tatu hakuhitaji kurudi ya pili. Nafasi kati ya magurudumu ya mbele ilitanuliwa, shokabu na springi zikakazwa, giaboksi ikawekwa imara zaidi. Gari zima lilikuwa na uzito usiofika tani moja.

Kuna wanaosema hayo yote yamepitwa na wakati. Gari la umeme la familia, lenye siti tano na buti la kutosha, leo linaweza kuliacha Clio Williams kwenye taa za barabarani bila dereva wake kutoa jasho. Ni kweli, na aliyenunua gari dogo la toleo maalumu ili ashinde kila mtu barabarani amenunua kitu kisichomfaa. Ila hoja hiyo inapima kitu kimoja tu, kasi ya kwenda mbele. Gari jepesi lisilo na ABS linamlazimu dereva kujua ni lini tairi linakaribia kuteleza, na linamwambia kupitia usukani na siti kabla halijateleza. Raha hiyo hupatikana kwenye kona za kijijini kwa kilomita 70 kwa saa. Gari zito lenye nguvu maradufu hufika mwendo wa hatari kabla dereva hajaanza kulisikia, na hapo ndipo naona magari haya madogo yanawashinda wakubwa wao.

Pingamizi zito zaidi linahusu pesa. Kila kilomita inayoongezeka inapunguza bei, wanasema, kwa hiyo mwenye akili atalifungia gari gereji na kusubiri. Sokoni kweli gari lenye kilomita chache huuzwa ghali. Tatizo ni kwamba gari lililosimama haliko salama hata kidogo. Petroli iliyokaa tangini huchakaa na kuacha utando kwenye mfumo wa mafuta. Oili sili hukauka na kuanza kuvuja, diski za breki hushika kutu, matairi hubonyea upande mmoja. Na kuna mkanda wa taimingi. Mkanda huo wa mpira huzeeka kwa miaka na pia kwa kilomita. Fundi anayezijua injini hizi ataubadilisha hata kama mita ya dashibodi haijasogea, kwa sababu ukikatika, pistoni hupanda na kugonga valvu zilizo wazi, na injini inakufa hapohapo. Anayejivunia kwamba gari lake halijaguswa kwa miaka kumi amekuachia bili ambayo bado hujaiona. Anayeliendesha kila wiki, akalipasha moto taratibu kabla ya kulikanyaga na kubadilisha oili kwa wakati, amekuwa akiligundua tatizo moja moja likiwa bado dogo.

Nakubali kwamba gharama ipo. Baadhi ya spea za Clio Williams ni zake pekee, hazitoki kwenye Clio ya kawaida, na nyingine hazitengenezwi tena. Kona moja ya ulevi wa mwendo inaweza kumaliza kitu ambacho hakuna duka litakalokurudishia. Hiyo ni sababu ya kuendesha kwa adabu, kuweka bima inayolingana na thamani halisi, na kununua spea adimu pale zinapoonekana. Sioni jinsi inavyokuwa sababu ya kutoliendesha.

Toyota imelirudisha wazo hilohilo la gari dogo la rali la kuuzia wananchi katika siku zetu kupitia GR Yaris ya 2020: milango mitatu, injini ya silinda tatu ya cc 1,618 yenye tabo, gia za mkono, magurudumu yote manne yakivuta. Watazamaji wa Safari Rally kule Naivasha waliliona jina hilo likichukua nafasi nne za kwanza mwaka 2022, ingawa gari la mashindano lilikuwa na fremu yake ya mabomba na halikuwa lile la dukani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo wanaoyatamani yakiwa mtumba kutoka Japani tayari wanahesabu miaka. Kati ya lenye kilomita 60,000 na kitabu cha sevisi kilichojaa, na lenye kilomita 4,000 lisilo na ukurasa hata mmoja, mimi ningechukua la kwanza.