Bahari Huzaa Bandari, Bara Huilea

Soko la Gikomba, Nairobi, huamka kabla ya jua. Saa kumi na moja alfajiri marobota ya mitumba yanakatwa, na wachuuzi wanasongamana kuwahi kamera, zile nguo za daraja la kwanza, kabla rundoni hakujabaki ila fagia, yaani masazo. Robota moja huenda lilifungwa Uingereza, Ujerumani au Kanada. Likatiwa kwenye kontena, likavuka bahari hadi Kilindini, Mombasa, likapanda treni hadi bandari kavu ya Embakasi, likaletwa sokoni kwa lori na kumaliziwa kwa mkokoteni. Mama anayechagua mashati kumi akayauze Kayole ndiye kituo cha mwisho cha safari hiyo ya bahari. Hata hivyo, ukimuuliza bandari iko wapi, atakuonyesha upande wa Mombasa.

Wakazi wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, tumezoea kuamini kwamba kuzuru bandari za kale ni starehe ya watu wengine. Ulaya Magharibi kuna meli za utalii zinazopita pwani nzima, leo Lisbon, kesho Porto, kisha Bordeaux, Honfleur na Bruges, na abiria hushuka kila mahali kutazama ngome na magati ya mawe. Mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, una bandari zenye historia nzito kama hizo. Leo nataka kueleza jinsi ya kuisoma bandari: kwa nini ilikaa pale ilipo, nini kiliiinua na nini kiliiangusha. Anayejua kuisoma ataona kwamba habari za bandari hizo ni habari za mtaa wake pia.

Mambo matatu huamua maisha ya bandari: upepo, kina na bara.

Upepo ndio ulioanza. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, inayoshika kuanzia Aprili hadi Septemba, iliyarudisha. Nahodha aliyekwisha kuuza tende na vitambaa vyake hakuweza kuondoka siku aliyotaka. Alingoja upepo ugeuke. Katika kungoja huko watu walioana, wakajenga, wakaswali pamoja na kukopeshana maneno. Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya misikiti midogo iliyoanza karne ya 8. Kiswahili tunachoitana nacho kwenye Jogoo Road kililelewa na misimu hiyo.

La pili ni kina. Jahazi halihitaji maji marefu. Huingia maji yakiwa yamejaa, na yakipwa hukaa juu ya mchanga likiegemezwa kwa magadi ili lisilale ubavu. Wachukuzi huliendea kwa miguu na kushusha mzigo begani, na maji yakijaa tena chombo kinaelea na kuondoka. Kwa hiyo hori tulivu lenye mchanga laini lilitosha kuzaa mji. Meli ya chuma haivumilii hayo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kufikia 1872 meli za mvuke za barua zilikuwa zikifika Unguja kwa ratiba. Tangu hapo upepo ukapoteza amri yake na kina kikawa sheria.

La tatu, na ndilo kubwa, ni bara. Bandari huuza vitu visivyotoka kwake. Msafiri Ibn Battuta alipita mwambao huu mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja kisha akaenda Kilwa na kuusifu mji ule kwa uzuri wake. Utajiri wa Kilwa ulikuwa dhahabu, na dhahabu ile ilichimbwa mbali kusini, katika nyanda za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala na kupanda na pwani. Mwaka 1505 Wareno waliipiga Kilwa, na Mombasa pia, kisha wakaikamata njia ya Sofala. Kilwa ilibaki na upepo wake. Ilibaki na maji yake marefu, maana ile ni miongoni mwa bandari za asili zilizo nzuri kabisa pwani hii. Kilichokatwa ni bara. Mji ulidhoofika, na leo Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa ni magofu yaliyoorodheshwa na UNESCO tangu 1981.

Tukiwa na funguo hizo tatu, tuanze safari upande wa kaskazini.

Lamu huwashangaza wageni kwa nyumba zake za matumbawe na boriti za mikoko, na kwa vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. UNESCO iliutambua mji huo mwaka 2001. Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini haya yote yamesalia? Jibu liko kwenye reli. Waingereza walipoanza kutandika reli mwaka 1896 waliianzia Mombasa, na biashara ya bara ikafuata chuma. Lamu ikapungukiwa na mizigo, na mji usio na mizigo hauna haja ya kubomoa nyumba ili kujenga maghala.

Bruges, nchini Ubelgiji, ilipatwa na jambo hilohilo karne nne mapema. Mkono wa bahari ulioitwa Zwin ulijaa mchanga na matope, na kufikia miaka ya 1500 wafanyabiashara walikuwa wamehamia Antwerp. Nyumba zao nzuri zikabaki zimesimama. Leo meli ya utalii haiwezi kuufikia mji huo. Inatia nanga Zeebrugge na abiria wanaendelea kwa basi. Ufaransa nayo ilianzisha Le Havre mwaka 1517 kwa sababu bandari za jirani, Honfleur ikiwemo, zilikuwa zikisumbuliwa na matope. Honfleur ikabaki na sura yake ya kale, Le Havre ikapata meli. Bandari iliyoshindwa kibiashara huhifadhi uso wake. Iliyoshinda hujibomoa na kujijenga kila kizazi.

Lamu yenyewe sasa inaonyesha hali zote mbili. Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa katika ghuba ya Manda, mahali penye kina cha kutosha meli kubwa. Mji wa upepo na bandari ya kina vimetenganishwa na safari fupi tu ya mashua.

Malindi inafuata. Kutoka hapa twiga alipelekwa China, akafika mwaka 1415. Aprili 1498 Vasco da Gama, aliyetoka Lisbon mwaka uliotangulia, alipokelewa vizuri Malindi, kwa kuwa mji huo ulikuwa na uhasama na Mombasa na ulitafuta rafiki. Alipewa rubani aliyemvusha hadi Calicut, India, kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanamaji mashuhuri wa Oman, lakini wanahistoria wengi leo hawakubali. Jambo lililo wazi ni kwamba njia ya baharini ilijulikana na watu wa huku kabla Mreno hajaiuliza.

Lisbon kuna Mnara wa Belém, uliokamilika mwaka 1519 kwenye mlango wa mto Tejo. Mombasa kuna Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Zitazame kama ndugu wawili, kila mmoja akilinda ncha yake ya njia moja. Ujenzi wa Fort Jesus uliipandisha Mombasa na kuishusha Malindi, hata mtawala wa Malindi mwenyewe akahamia Mombasa.

Mombasa ni kisiwa chenye bandari mbili. Mashariki, chini ya Mji wa Kale, iko Bandari ya Kale ya majahazi. Magharibi iko Kilindini, na jina lenyewe linajieleza, kwani kilindi ni maji marefu. Magati ya kina yalipojengwa upande huo katika miaka ya 1920, kisiwa kiliugeuzia mgongo upande wake wa kale. Siku hizi meli ya utalii ikija hufunga Kilindini, na abiria hupelekwa kwa basi kuona bandari iliyoshindwa, kama vile wa Zeebrugge wanavyopelekwa Bruges.

Bara halikuleta dhahabu na pembe za ndovu peke yake. Liliporwa watu. Bagamoyo na Unguja zilikuwa vituo vya misafara iliyoleta watumwa kutoka bara, hata kutoka eneo la Maziwa Makuu, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Miaka miwili baadaye wamisionari wa Kianglikana walikuwa wakiwapokea watumwa waliookolewa baharini katika kijiji cha Freretown, ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa. Kengele ya kijiji hicho ingali imesimama, na kituo cha matatu kilicho karibu nayo kinaitwa Kengeleni.

Hapo ndipo safari yetu inapogeuka kurudi nyumbani. James Juma Mbotela, mzaliwa wa Freretown, aliandika kitabu cha *Uhuru wa Watumwa*, kilichochapishwa mwaka 1934. Tom Mbotela, wa ukoo huohuo, alikuwa diwani na mwanasiasa hapa Nairobi, akauawa mwaka 1952. Mtaa wa Mbotela, kando ya Jogoo Road, unaitwa kwa jina lake. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake tulikua nayo redioni, alikuwa wa nasaba hiyo pia. Mtoto anayecheza mpira Mbotela anacheza ndani ya jina lililovuka bahari kwa uchungu na kutua Mombasa likiwa huru.

Tazama na mitaa mingine. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na Muthurwa, Landi Mawe na Makongeni zilijengwa kuwaweka wafanyakazi wake. Pumwani ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na huko Majengo watu walijenga nyumba ya Kiswahili kama ya pwani: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Msikiti wa Riyadha wa Pumwani una jina moja na Riyadha ya Lamu. Majengo na Kaloleni ni majina utakayoyakuta pwani vilevile. Chuma kilileta mizigo, na pamoja na mizigo ikaja ramani ya nyumba, ibada na lugha.

Kisha mwaka 1984 bandari yenyewe ikatufuata. Bandari kavu ya Embakasi ilifunguliwa ili kontena ambalo stakabadhi zake zinasema Nairobi lisifunguliwe Kilindini. Linasafiri likiwa na lakiri yake, na kukaguliwa na kulipiwa ushuru hapa. Reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo ikaanza kuletwa Embakasi kwa reli hiyo mwaka 2018. Hesabu kilichopo: winchi, yadi, maafisa wa forodha, mawakala, madereva na wapakiaji. Kitu pekee cha bandari ambacho Embakasi haina ni maji. Bara lililokuwa likiilea Mombasa kwa mbali sasa limejengewa gati mlangoni.

Kwa hiyo nenda ukazione bandari za kale, na uende kama mtu anayekwenda kwao. Treni ya kutoka Syokimau itakufikisha Mombasa siku hiyohiyo. Tembea Mji wa Kale kwa miguu, ingia Fort Jesus, kisha panda matatu hadi Kengeleni. Ukielekea kaskazini pitia Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, na Gedi, iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2024. Gedi itakupa kazi ya kufikiri, maana ni mji tajiri wa pwani uliojengwa kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Malizia kwa basi hadi Mokowe na boti hadi Lamu. Chagua miezi ya kaskazi, bahari ikiwa tulivu. Na kila ufikapo uliza maswali matatu: upepo gani ulileta watu hapa, maji yana kina gani, na bara la mahali hapa lilikuwa wapi.

Kwa walimu wa Eastlands nina ombi. Ziara ya wanafunzi wa Buruburu au Dandora ianzie hapa hapa. Asubuhi moja wapelekeni Majengo wakachore ramani ya nyumba ya Kiswahili wakiwa na mzee aliyezaliwa ndani yake. Siku nyingine wasimame kando ya reli wahesabu mabehewa ya kontena yakiingia Embakasi. Ndipo waende Mombasa. Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu mitaa ya kale inazidi kutoa nafasi kwa maghorofa, na sheria niliyoieleza juu ya bandari inatushika nasi: panapopita biashara kubwa, kuta za zamani hazidumu. Lamu ilihifadhiwa kwa kusahauliwa. Eastlands haikusahauliwa na biashara hata siku moja, kwa hiyo kumbukumbu yake haitajilinda yenyewe. Itaandikwa na watu wake au itapotea.