Kamera Imetii, au Umetuma Amri Tu?

Umewahi kufuatilia mazishi kwenye simu kwa sababu uko mbali? Basi utaelewa. Nilikuwa nasaidia kurusha mubashara ibada ya mazishi kwenye ukumbi mmoja hapa Karatu. Kamera iko nyuma, kompyuta iko mbele. Nikabonyeza kitufe cha kuirudisha kamera katikati. Programu ikaandika "imetumwa". Kamera ikabaki inatazama dirisha. Mtoto wa marehemu, aliyekuwa nje ya nchi, hakuona jeneza likitolewa.

Kosa lilikuwa wapi? Tuanze na amri yenyewe.

Kamera nyingi za aina hii zinaelewa itifaki ya Sony inayoitwa VISCA. Amri ya kurudi katikati ni baiti tano tu:

81 01 06 04 FF

Hapo 81 ni anwani: "kutoka kwa kompyuta, kwenda kamera namba 1". 01 inasema hii ni amri, siyo swali. 06 04 ni kazi yenyewe. FF ni nukta ya mwisho. Biti zinapita kwenye waya moja baada ya nyingine, kama watu kwenye mlango mwembamba. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, amri nzima inachukua kama milisekunde 5.

Sasa sikiliza vizuri: kamera hujibu. Ikipokea amri, inarudisha, kwa mfano, 90 41 FF, yaani "nimepokea". Ikimaliza kugeuka inarudisha 90 51 FF, "nimemaliza". Amri ikikosewa inajibu 90 60 02 FF, "sijakuelewa". Ukimya nao ni jibu: ujumbe haukufika, au jibu limepotea njiani.

Programu yangu haikusoma jibu lolote. "Imetumwa" ilimaanisha baiti zimetoka kwenye kompyuta, basi.

Na kwa nini hazikufika? Kebo ilikuwa ya RS-232, kiwango kilichoanzia Marekani mwaka 1960. Kwa kawaida kinashauriwa kisizidi mita 15 hivi. Yetu ilikuwa kama mita 40, tena imelala sambamba na nyaya za umeme. RS-232 hupima volti ya waya ikilinganishwa na waya wa ardhi, kwa hiyo kelele za umeme zikiingia, mpokeaji anachanganyikiwa.

Dawa ni RS-422, inayoweza kufika hadi mita 1,200 kwa kasi ndogo. Yenyewe hutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kupima tofauti kati yake. Fikiria wewe na rafiki yako mmepanda gari Karatu, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mkapita geti la Lodoare hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200. Wote mmepanda, lakini anayekuzidi urefu bado anakuzidi vilevile. Kelele huzipandisha nyaya zote mbili pamoja, tofauti haibadiliki.

Tulibadilisha kebo na vigeuzi, nikaongeza mistari michache kwenye programu: isipopata 51 ndani ya sekunde tano, iwashe taa nyekundu. Ile picha ya jeneza haitarudi. Kwa hiyo ukipewa kazi kama hii, kabla watu hawajaingia ukumbini, tuma amri, soma jibu, halafu itazame kamera kwa macho yako.