Pesa Zifike Kabla ya Mvua

Ukiwa mweka hazina wa chama cha watumiaji maji, swali la kwanza utakaloulizwa ni pesa ziko wapi. La pili ni kwa nini za jirani zimetangulia. Nimeshika vitabu vya chama chetu, huku kwenye miteremko ya Murang'a inayomwaga maji katika mto Maragua, muda wa kutosha kujua kwamba la pili ndilo gumu.

Takriban asilimia 95 ya maji ya Nairobi hutoka bonde la juu la mto Tana, na mengi hupitia bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994. Yasiyochukuliwa na jiji huteremka hadi Masinga, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakizungusha mitambo ya umeme kila yanapopita. Mvua ya Aprili ikilikuta shamba la mteremkoni halina matuta, mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Udongo huo ulikuwa rutuba ya mkulima. Ukifika penye mitambo ya kusafisha maji ni gharama ya dawa, na ukituama bwawani unakalia nafasi ya maji. Hasara inawapata wengi, ila anayeshika jembe la kuizuia ni mmoja tu, na ndiye mwenye mfuko mwepesi kuliko wote.

Ndiyo maana mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, shirika la The Nature Conservancy likiongoza, na kampuni za maji, umeme na vinywaji zikiwa ndani. Wataalamu walipiga hesabu: dola milioni 10 zikiwekwa katika mashamba ya juu, faida yake kwa miaka 30 ni dola milioni 21.5. Wazo lilitoka Quito, Ecuador. Huko, tangu mwaka 2000, kampuni ya maji ya jiji hutenga sehemu ya mauzo yake, mwanzoni asilimia moja na baadaye mbili, ikaingia katika mfuko ambao mtaji wake hauguswi. Kinachotumika ni kile ulichozaa. Hapo ndipo ninapowaonea wivu. Mradi wa wafadhili una mwaka wa kufa. Tuta likibomoka baada ya mwaka huo, hakuna wa kumpigia simu.

Kazi yenyewe haina siri. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, yaani fanya juu, kisha unapanda nyasi za nepia kwenye tuta ili mizizi ilishike. Wengine huchimba bwawa dogo la kuvuna maji ya mvua: shimo ni jasho lako, karatasi ya nailoni ya kulitandika unasaidiwa kuipata. Lakini ukanda wa nepia umekula mistari ya mahindi. Bibi mmoja alisimama mkutanoni akaniuliza, "Mwanangu, maji yakiwa safi kampuni itapata bili yake. Mimi atanilipa nani?"

"Ng'ombe wako, cucu," nikamjibu. "Nepia si chakula chake?"

"Basi niletee huyo ng'ombe kwanza."

Watu wakacheka. Katika kitabu changu hapakuwa na safu ya ng'ombe, na naamini ilifaa kuwepo.

Halafu kuna mpangilio. Maji hayasimami kwenye ua. Wa juu asipochimba, mafuriko yake yanakuja kuvunja tuta lako wewe uliyechimba, kwa hiyo inatakiwa kuanza kileleni na kushuka shamba kwa shamba. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilivitambua vyama kama chetu, na ile ya 2016 iliyofuata inavitambua pia. Tunaandaa mpango wa kijito chetu, na kwa mpango huo tunaweza kuomba pesa za Hazina ya Sekta ya Maji. Vizuri. Ila afisa wa kilimo ana orodha yake, chama cha kahawa kina yake, na shirika likija linakuja na yake. Nimemwona mkulima aliyepewa miche mara tatu huku kilima cha pili hakina hata mmoja. Siku hizi tumechora ramani moja ukutani, kwenye stoo ya kiwanda cha kahawa, na anayetaka kusaidia anaonyeshwa hapo kwanza.

Kalenda nayo inatuumiza. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, mvua ndefu zinaanza Machi. Pesa zikitoka Mei kwa kukimbizana na tarehe, miche inapandwa mvua ikiaga, na ripoti itasema imepandwa yote. Haidanganyi. Ningepewa kuchagua, ningepokea kiasi kidogo mwezi wa pili kuliko kikubwa mwezi wa tano.

Kwa sasa kilichotukwamisha ni shamba la kileleni kabisa. Mwenyewe anaishi mjini, amelikodisha mwaka mmoja mmoja, na mpangaji hachimbi mtaro atakaouacha. Anasema akiandikiwa miaka mitano ataanza kesho. Mwenye shamba huja Desemba, kwa hiyo karani na mimi tumeshaandika barua ya makubaliano na kuacha pengo la sahihi.