Asidi ya Betri Haitibu Tanki la Pikipiki

Hapana, usimimine asidi ya betri kwenye tanki la mafuta. Najibu swali hili kila msimu wa korosho unapofunguliwa, maana ndipo pikipiki zilizoegeshwa tangu masika hutolewa nje na kupigwa kiki mpaka mguu uchoke. Kabureta ikifunguliwa, inakutwa imejaa unga mwekundu wa kutu kutoka tankini. Mwenye pikipiki huwa haji kuuliza afanye nini. Keshaambiwa kijiweni, kwangu anataka kipimo tu: nusu lita au lita nzima?

Kwanza tumwachie huru mtuhumiwa asiye na hatia. Dereva wa Masasi au Newala akiulizwa kutu imetoka wapi, atasema petroli imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Huenda ni kweli, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Lakini mafuta ya taa hayaleti kutu. Kutu inataka maji na hewa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hata kijiko kimoja hutulia chini kabisa na kulala juu ya bati. Yanaingia kwa dumu lililosuuzwa na halikukaushwa, kwa mfuniko wenye mpira uliochoka, na kwa hewa yenyewe: tanki likiwa nusu, mchana hewa ya ndani hutanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta hewa mbichi. Kwa ukungu wa Newala, miezi ya mvua inatosha kabisa.

Sasa asidi. Watetezi wake wana hoja moja: inang'arisha. Unamimina, inachemka, unamwaga, unamulika tochi, bati ni jeupe. Wengine huongeza kwamba hata viwanda vya mabati husafisha chuma kwa asidi ya salfuriki. Ni kweli. Ila kiwandani asidi huzimuliwa, hutiwa dawa ya kuizuia isile chuma kizima, huwekewa muda, kisha chuma huoshwa kwa maji mengi. Kijiweni hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Asidi ya betri ya dukani, karibu theluthi ya uzito wake ni asidi tupu, na inamwagwa kama ilivyo na fundi mwenye sigara mdomoni.

Vile viputo vinavyowafurahisha si kutu inayokufa. Kutu ikiyeyuka katika asidi haitoi gesi. Kinachotoa gesi ni chuma kizima kinacholiwa, na gesi yenyewe ni haidrojeni, inayolipuka kwa cheche ndogo. Bati la matanki mengi ya pikipiki halifiki hata milimita moja, na palipochimbwa na kutu ni jembamba zaidi. Asidi inamalizia hapo. Tanki lililoingia gereji halivuji linatoka linavuja, na fundi anasema lilikuwa limekwisha zamani. Tena baadhi ya matanki hutoka kiwandani yamepakwa ndani utando wa zinki. Zinki huyeyuka haraka kuliko chuma, kwa hiyo hata sehemu ambazo kutu haikuzigusa zinabaki uchi.

Halafu subiri kesho. Chuma kilichovuliwa nguo kikiachwa na unyevu hurudi kuwa chekundu kwa saa chache tu. Chumvi za asidi hujificha kwenye mshono wa tanki, na kuzitoa kunadai kusuuza tena na tena. Nani atafanya hivyo Newala, mji unaopandishiwa maji kwa pampu kutoka Mitema? Badala yake fundi anapaka rangi ya mafuta ndani. Petroli inailainisha, inabanduka vipande vipande, na vipande vinakwenda kuziba koki. Masika ijayo mteja anarudi na kuambiwa kituo kile kinauza mafuta mabaya.

Na wanaouliza kuhusu soda nyeusi: asidi yake kidogo, sukari yake nyingi. Inywe.

Haya, cha kufanya. Vua tanki, mwaga petroli mbali na moto, toa koki na boya la geji, ziba matundu. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka harufu iishe. Kutu inayobanduka itoe kwa kutia mnyororo mwembamba wa chuma na kutikisa. Kutu iliyoshika, jaza siki nyeupe mpaka juu, siku moja au mbili; nayo ni asidi, ila dhaifu, kwa hiyo usiisahau wiki nzima. Au tumia umeme: jaza maji yenye magadi, ning'iniza kipande cha nondo ndani bila kugusa tanki, nondo kwenye chanya ya chaja ya betri, tanki kwenye hasi. Ukigeuza nyaya, tanki ndilo litakaloliwa. Fanya uwanjani, kwani hapa pia haidrojeni inatoka, na usiweke chuma cha stenlesi badala ya nondo, kinatoa sumu. Ukimaliza, suuza kwa maji ya magadi, kisha maji safi, zungusha spiriti ifukuze maji, kausha juani, na siku hiyohiyo tia petroli yenye oili kidogo.

Tundu la sindano njiani, sugua sabuni ya mche. Petroli haiiyeyushi, itakufikisha nyumbani. Kuziba kwa kudumu ni epoksi ya mikebe miwili iliyotengenezwa kwa matanki ya mafuta, juu ya bati kavu lisilo na oili, ukilizungusha taratibu, kumwaga inayobaki na kungoja siku zilizoandikwa kwenye mkebe. Baadhi ya vigumishi vya epoksi ya meli hutokana na mafuta ya ganda la korosho, ganda hilohilo tunalolisafirisha pamoja na korosho ghafi. Na kabla hamjaniuliza: mafuta ghafi ya ganda hayazibi tanki, yanababua ngozi.

Kuchomelea, usikubali. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa ndio unaolipuka, na kusuuza mara moja hakuutoi.

Mshono ukishaoza kwa urefu, tanki hilo limekufa. Tafuta jingine, likiwa la mtumba, mulika ndani kwa tochi kabla ya kulipa, na ukiegesha pikipiki kwa ajili ya mvua, liache limejaa petroli mpaka shingoni.