Chombo Kisichofunguka: Ufundi, Bidhaa na Kujitegemea katika Karagwe na Kyerwa

Tunapojadili kujitegemea tumezoea kutazama shamba, jembe na kiwanda. Ni mara chache tunatazama taa ya jua iliyokufa rafuni, au simu iliyotupwa mvunguni. Lakini vitu hivi vidogo vinaonyesha wazi uhusiano uliopo kati ya mzalishaji wa kijijini na wenye viwanda wa ng'ambo. Makala haya yanachukua mfano wa wilaya za Karagwe na Kyerwa ili kueleza kwa nini vyombo vingi vya umeme vya siku hizi havitengenezeki vikiharibika, nani anafaidika, na kada afanye nini.

Hali halisi

Mkulima wa Nkwenda au Nyaishozi hupata sehemu kubwa ya fedha zake kwa msimu, kahawa inapouzwa. Hapo ndipo hununua taa, redio au simu. Taa nyingi za bei nafuu zimegandishwa kwa gundi, hazina skrubu hata moja. Ndani yake mna betri ya lithiamu ambayo, kama betri nyingi za aina hiyo, hupungua nguvu baada ya kuchajiwa mara mamia kadhaa. Betri ikichoka, paneli bado nzima, balbu nzima, waya mzima. Lakini taa yote huhesabiwa imekufa.

Fundi wa Kayanga au Omurushaka akijaribu kuifungua, gamba linapasuka. Akiifungua salama, betri ya kipimo kile haipo dukani. Ama atoe spea katika chombo kingine kilichokufa, ama aagize Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Gharama ya kutengeneza inakaribia bei ya kitu kipya, na mkulima anarudi dukani. Hivyo jasho lake la kahawa linalipia mwanga uleule mara mbili na mara tatu, na mabaki yanaishia shimoni, kandokando ya migomba inayomlisha.

Haikuwa hivyo daima

Karagwe haikuwa nchi ya watu wasiojua ufundi. Wahunzi wake waliyeyusha chuma, na vyombo vya chuma vya ufalme wa Karagwe, zikiwamo sanamu za ng'ombe, vinajulikana hadi leo. Aliyefua jembe aliweza pia kulifua upya. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipoingia, uyeyushaji wa chuma ulififia, na mkulima akawa mnunuzi wa nyenzo yake mwenyewe.

Redio nayo ina funzo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Redio za wakati ule zilifungwa kwa skrubu na kutumia betri za kawaida za dukani. Nyingine zilitoka kiwanda cha Matsushita, Dar es Salaam. Spika ikikatika, fundi alibadili spika; waya ukiachia, alitia lehemu. Elimu ya umma ilitegemea redio, na uhai wa redio ulitegemea fundi.

Asili ya tatizo

Kila bidhaa ina sura mbili. Kwa mtumiaji ni manufaa: taa ni mwanga wa mtoto kusomea. Kwa bepari ni faida, na faida hupatikana siku taa inapouzwa, siyo usiku inapowaka. Kwa hiyo taa inayodumu miaka 20 ni baraka kwa kijiji, lakini ni hasara kwa yule anayetaka kuuza nyingine.

Haya si mawazo matupu. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu, yakiwamo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, yalikutana Geneva na kuunda umoja ulioitwa Phoebus. Yalikubaliana balbu iwake kiasi cha saa 1,000 tu, ingawa ufundi wa kuifanya idumu zaidi ulikwisha kuwapo. Kampuni ambayo balbu zake zilidumu mno ilitozwa faini. Katika zama zetu, mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochakaa. Ilieleza kuwa lengo lilikuwa kuzuia simu zisizimike ghafla. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza euro milioni 25 kwa kutowaarifu watumiaji.

Mielekeo miwili potofu

Mwelekeo wa kwanza ni kumlaumu fundi kuwa hajui kazi au ni mwizi. Hauwezi kumhukumu fundi kwa kushindwa kufungua kitu kilichoundwa kisifunguliwe, tena bila mchoro wala spea.

Mwelekeo wa pili ni kuilaumu teknolojia yenyewe. Wenye viwanda husema gundi huzuia maji na vumbi. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli: mpira wa kuzibia na skrubu nne hufanya kazi hiyohiyo. Swali la msingi ni chombo kimeundwa kwa masilahi ya nani. Ndiyo maana hata Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kuwapa watumiaji haki ya kutengenezewa vyombo vyao.

Kazi za kada

Kwanza, kueleza. Kabla ya msimu wa kahawa, wanakijiji wafundishwe kuuliza maswali matatu dukani: je, kinafunguka? Betri yake inapatikana? Nani atakitengeneza?

Pili, kuunganisha nguvu. Mnunuzi mmoja hana sauti; chama cha msingi cha ushirika chenye mamia ya wanachama kinaweza kuagiza taa za aina moja zenye skrubu, pamoja na betri za akiba.

Tatu, kumwimarisha fundi. Vijana wafunzwe kupima na kubadili betri za lithiamu kwa usalama, maana zikitobolewa huwaka moto.

Nne, kudai. Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu 1975. Hatuna budi kuhimiza viwango vipime pia kama chombo kinafunguka, na mwagizaji alazimike kuleta spea.

Mtu asiyeweza kufungua chombo alichokilipia amekikodi tu, na muda wa kukodi umepangwa na mwingine.